Giza la saa kumi jioni linanimaliza, mnaivukaje hii miezi?

Kiza_Kinene: Wakuu, habari zenu. Naishi kaskazini, na tangu saa zirudishwe nyuma mwishoni mwa Oktoba natoka nyumbani giza, narudi giza. Kiangazi nilikuwa nakimbia asubuhi bila kusukumwa na mtu. Sasa kengele ya simu ikilia naizima na kugeukia ukutani. Nalala sana, naamka nimechoka, na hamu ya sukari imepanda hadi suruali zinabana. Kazini naenda, ila ari hakuna. Nimejipangia mazoezi ya jioni, hayashiki. Na hizi taa za mwanga mkali ni dawa kweli au biashara za watu?

Chuma: Uvivu huo mkuu. Amka ukimbie, basi.

Mzee_wa_Baridi: Chuma, angekuwa mvivu asingekimbia kiangazi chote. Kiza, pole. Jioni umeshachoka na nje giza, nani atoke? Hamishia mchana. Saa ya ndani ya mwili hupangwa na mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Ukikosekana, mwili unabaki kwenye usiku. Wengi hudanganywa na mawingu. Chumba chenye taa za kawaida kina laksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, lakini nje, hata kukiwa na mawingu, mara nyingi unapata zaidi ya 1,000. Kwa hiyo mapumziko ya mchana usiyamalizie kwenye kiti. Vaa koti, tembea, hata kama kuna manyunyu. Ukibaki na pumzi ya kukimbia, sawa. Usipobaki nayo, umeshapata mwanga.

Nesi_Mstaafu: Taa si utapeli, ila nyingi zinazouzwa hazina nguvu ya kutosha. Tafuta ya laksi 10,000 iliyochujwa miale ya urujuanimno (UV). Iwashe mara tu baada ya kuamka, kama nusu saa, iwe pembeni kidogo ya uso wako huku unakunywa chai. Huna haja ya kuikodolea macho. Angalia maelekezo ya umbali, maana ukisogea nyuma kidogo tu nguvu inashuka sana. Usiitumie jioni, itakufukuza usingizi. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye historia ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au anayetumia dawa zinazofanya mwili uathirike haraka na mwanga, amwone daktari kwanza.

Kiza_Kinene: Asante sana dada. Kwa hiyo taa hiyo itanipa na vitamini D?

Nesi_Mstaafu: Hapana, hapo wengi huchanganya. Vitamini D hutengenezwa na miale hiyohiyo iliyochujwa. Uingereza hushauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Inalinda mifupa na misuli. Usiitegemee ikurudishie ari. Na usizidishe kwa kudhani nyingi ndiyo bora.
Sasa nikuulize: mwaka jana ilikuwa hivihivi?

Kiza_Kinene: Mwaka jana na mwaka juzi. Ikifika Machi, Aprili, inaisha yenyewe.

Nesi_Mstaafu: Basi mwambie daktari hivyohivyo, miezi inapoanza na inapoisha. Kuna sonona inayofuata majira. Daktari wa akili Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na usingizi mwingi na hamu ya wanga ni dalili zake. Mbali na taa, kuna tiba ya mazungumzo na dawa. Usisubiri Desemba. Na siku ukianza kuona maisha hayana maana, hiyo si ya kupanga foleni, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Chuma: Nimekusoma, dada. Kiza, nisamehe.

Kiza_Kinene: Yameisha mkuu. Kesho napiga simu kliniki, na mchana natoka nje.

Mzee_wa_Baridi: Na simu ilale mbali na kitanda, karibu na swichi ya taa.