Ushauri: Nampeleka mama Sefrou msimu wa cheri, siku za tamasha au siku ya kawaida?

Mwana_Rabat:
Wakuu, habari za humu. Nasoma Rabat. Mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa sita, mara yake ya kwanza Moroko. Nimemwahidi Sefrou, ule mji wa kale wa Waberberi kule milimani kusini ya Fez, wenye cheri. Tatizo ni magoti, kusimama muda mrefu hawezi. Twende siku za tamasha au siku ya kawaida? Bajeti ya mwanafunzi mnaijua. Mapovu ruksa, ila ushauri kwanza.

Popo wa Fez:
Mkuu, siku ya gwaride sahau. Ni umati, jua la Juni, na kusimama kusubiri magari yaliyopambwa yapite na Malkia wa Cheri akigawa matunda. Tamasha lipo tangu 1920 na UNESCO wakaliingiza kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2012, unadhani mtapata nafasi ya kupumua? Nendeni Alhamisi, siku ya gulio lao. Cheri zitakuwepo na mama atatembea kwa raha zake.

Bi_Mkubwa:
Napingana na Popo. Mama atoke Tanga mpaka huko halafu asimwone Malkia? Wahini mapema, mtafutie kiti cha mkahawa kando ya njia, mwagizie chai ya nanaa, gwaride limfuate alipo.
Halafu, mama anashona? Wanawake wa Sefrou ni mafundi wa vifungo vya hariri vya djellaba, lile vazi refu la Kimoroko lenye kofia. Uzi unazungushwa kwa sindano, kifungo kimoja kimoja, kidogo kama pilipili manga, na vazi moja linabeba safu nzima kuanzia shingoni kwenda chini. Akianza kuangalia kazi ile utamkokota kumtoa.

Mwana_Rabat:
Bi_Mkubwa, shikamoo. Anashona, tena sana! Usafiri je?

Dereva Mstaafu:
Kutoka Fez ni kama kilomita 30, kulala huko si lazima. Panda teksi kubwa za kuchangia nauli, zinaondoka zikijaa. Ukiangukia yale magari ya zamani, mbele wanabananisha abiria wawili pamoja na dereva. Lipia viti vyote viwili vya mbele, mama akae peke yake. Hapo usibane hela.
Mji wa kale mto Aggai unapita katikati. Pitieni Mellah, mtaa waliokuwa wakiishi Wayahudi, walikuwa wengi mpaka mji ukaitwa Yerusalemu Ndogo. Vichochoro vyembamba, nyumba ndefu, kivuli cha kutosha. Maporomoko ya maji mpeleke kwa teksi ndogo. Bhalil, kijiji cha nyumba za mapangoni, ni jirani tu ila kina ngazi na miinuko. Kwa magoti hayo, acha.

Popo wa Fez:
Nyongeza: cheri za juu ya kikapu zisikudanganye. Omba uchague mwenyewe, kikonyo kiwe kibichi. Na tarehe za tamasha zithibitishe kabla hujakata tiketi ya treni.

Mwana_Rabat:
Nimeelewa. Tunakwenda Alhamisi, gwaride ataliona kwenye simu. Bi_Mkubwa usininunie. Swali la mwisho: anataka kuwabebea wajukuu cheri mpaka Tanga.

Bi_Mkubwa:
Nimenuna tayari. Cheri haifiki, mwanangu, zitalainika hata hamjatoka Rabat. Awabebee jamu, na aifunge vizuri kwenye begi la kuingia tumboni mwa ndege. Ya mkononi wataizuia.