Mpwa wetu amenyimwa kibali cha ukaazi na ushahidi wetu haukuguswa

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Marehemu dada yetu aliacha binti mdogo, na mdogo wetu pamoja na mumewe, Mwitaliano aliyesilimu, wakamchukua kwa kafala, ulezi wa Kiislamu wa mtoto asiye na wazazi, unaotambuliwa na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, wakaishi naye nyumba moja hapa Malindi. Shemeji alipopata kazi katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, walimwombea binti kibali akiwa jamaa anayewategemea. Jibu limekuja kwa mistari michache: kafala si kuasili, na utegemezi haukuthibitishwa.

Nani alidai kuwa ni kuasili? Katika kesi C-129/18 ya mtoto kutoka Algeria, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Machi 2019 kwamba mtoto wa kafala hahesabiwi kuwa mzawa wa mlezi, lakini huingia katika kundi la jamaa wengine wanaotajwa na kifungu cha 3(2) cha Agizo 2004/38/EC, sheria ya Umoja huo kuhusu haki ya raia wake na jamaa zao kuhamia na kuishi katika nchi wanachama. Kifungu hicho kinailazimu nchi ichunguze kwa kina hali ya mwombaji, na ikimkataa ieleze sababu. Kwa mtoto wa kafala, mahakama ilitaka utazamwe umri alioanza kulelewa, kama ameishi na walezi, ukaribu wao na kiasi anachowategemea.

Sasa niambieni, uchunguzi huo ulifanyika wapi? Tulipeleka hati ya kafala, risiti za ada, taarifa za M-Pesa na barua ya mzee wa mtaa, zote za wakati binti yuko Malindi, kwa kuwa utegemezi hupimwa katika nchi anakotoka mwombaji. Hakuna hata moja iliyotajwa. Yatima anaandikiwa kama mgeni aliyeokotwa njiani!

Tunakata rufaa. Hukumu ya Julai 2018 katika kesi C-89/17 inampa jamaa wa namna hii haki ya kufika mbele ya mahakama itakayokagua kama uamuzi umesimama juu ya ushahidi wa kutosha na kama utaratibu ulifuatwa, na hapo ndipo tutakapowabana.

Aliyewahi kupita njia hii anieleze: hati ya kafala ilipokelewa ikiwa na tafsiri iliyothibitishwa pekee, au ilihitaji na muhuri wa ubalozi?