Night Beat ya Sam Cooke kwenye grupu la ukoo, saa nane usiku

Anko Fanuel: Kuna mtu yuko macho humu? Nimekaa sebuleni taa nimezima naskiliza Night Beat, albamu ya Sam Cooke yule mwimbaji wa Marekani, toka wimbo wa kwanza. Jamani hii kitu ni ya 1963 ila saa hizi ukiiskiliza unaona kabisa huyu mtu anaimba anakuangalia wewe

Neema: Shikamoo anko. Mi niko macho niko zamu ya usiku, wodi imetulia kidogo. Sam Cooke si ndo wa A Change Is Gonna Come?

Anko Fanuel: Marahaba mama, pole na kazi. Ndo huyo huyo, ila ule aliurekodi mwaka uliofata na umejaa mavayolini. Huku hamna vayolini hata moja. Piano, kinanda, gitaa, besi na drams basi, wamekaa studio ya RCA kule Hollywood mwezi wa pili usiku, wapigaji wachache, kila mtu anampisha mwenzie

Neema: Nianze na upi

Anko Fanuel: Lost and Lookin'. Vaa hedifoni usiweke spika ya simu utaukosa wote

Neema: Anko

Neema: Gitaa liko wapi?? Nimerudia mara ya pili nikidhani simu imekata upande mmoja

Anko Fanuel: Halipo. Besi inatembea, sahani za drams zinaguswa kwa mbali, na yeye. Basi. Dakika mbili na ushee hivi. Msanii mwingine angeogopa kubaki mtupu hivyo angeomba hata waitikiaji wawili wa kumsitiri, ye kaacha nafasi wazi na haijazi kwa makelele, anakuja nusu mstari ananyamaza, besi inapita, anarudi. Mi hapo ndo huwa nasema basi, huyu mtu anajua

Baraka: Anko shikamoo. Mziki wa huzuni hivyo saa nane usiku mtalala kweli

Anko Fanuel: Marahaba. We si ndo unapiga kinanda kanisani? Njoo hapa. Anayepiga kinanda humo ni Billy Preston, alikuwa na miaka 16

Baraka: 16????

Anko Fanuel: 16. Baadae ndo akaja kupiga na bendi ya Beatles kwenye wimbo wao Get Back. Skiliza Little Red Rooster alafu uje na majibu

Mama Mdogo Eliza: Nimeamka nisali nakuta simu inawaka waka kumbe ni nyie. Huyu Sam ni yule mtoto wa mchungaji?

Anko Fanuel: Ndo huyo dada. Kazaliwa Clarksdale, Mississippi, 1931, wakahamia Chicago, baba yake mchungaji. Akaimba na Soul Stirrers nyimbo za injili mpaka akawa jina kubwa makanisani. Alivyotaka kutoka akatoa kwanza wimbo wa mapenzi kwa jina la Dale Cook ili waumini wasimjue, wakamjua tu, sauti ile utaificha wapi. 1957 You Send Me ikashika namba moja Marekani

Mama Mdogo Eliza: Watakuwa walimsema sana

Anko Fanuel: Walimsema dada. Ila skiliza wimbo wa kwanza wa hii albamu, Nobody Knows the Trouble I've Seen, ule wa toka enzi za utumwa. Hakuanza na mapenzi

Mama Mdogo Eliza: Nimeuskiliza. Naomba niseme kitu kama mtu wa kwaya. Sisi tunafundishwa neno likiisha sauti ikae. Huyu neno linaisha lakini irabu ya mwisho anaipandisha anaishusha anaizungusha mara tatu kabla hajaiachia, na haoneshi kama anahangaika, hata pumzi huisikii anapoichukua. Kwetu pale mtu akijaribu hivyo anapotea kwenye ufunguo. Na hapigi kelele. Sikumsikia akipiga kelele hata mara moja

Anko Fanuel: Na kelele anaziweza!! Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Januari 1963, alikuwa Miami kwenye Harlem Square Club, kanda ya onesho lile ikafichwa mpaka 1985 ndo ikatolewa. Mule sauti imekwaruza, watu wanapiga mayowe, anawachemsha mpaka basi. Sasa chukua mtu mwenye nguvu hiyo, mwezi unaofata anaingia studio anaamua kuongea na mtu mmoja. Ndo maana naipenda hii albamu kuliko zote zake. Nguvu ipo, unaisikia ipo, ila kaishika mkononi

Baraka: ANKO

Baraka: kinanda kinabweka

Anko Fanuel: 😂 umefika

Baraka: Hapana hii sio poa, Sam anaimba mbwa wameanza kubweka, kinanda kinabweka kweli, alafu anasema na wale wa kuwinda wanalia, jamaa anateleza kwenye funguo inatoka uuuuu kabisa. Na unasikia Sam mwenyewe kama amefurahi anampa nafasi dogo. Miaka 16 mbele ya Sam Cooke mi ningetetemeka ningepiga chords tatu tu nitoke salama

Anko Fanuel: Wimbo wenyewe wa Willie Dixon, Howlin' Wolf ndo aliutoa kwanza 1961, ule wake ni wa kutisha. Sam kaufanya unatabasamu

Shemeji Peter: Habari za usiku ndugu zangu. Nimefatilia kimya kimya. Mi nilivyoelewa huzuni yote hii ni kwasababu alifiwa na mtoto wake mdogo, alizama kwenye bwawa la kuogelea. Ndo maana inauma hivi

Anko Fanuel: Shem nzuri. Hilo la mtoto ni kweli na ni zito, ila lilitokea Juni 1963. Hizi nyimbo zilishaimbwa tangu Februari

Shemeji Peter: Duh. Kwahyo alikuwa hajapatwa na kitu

Neema: Hapo shem naona ndo ukubwa wake ulipo. Sie tunapenda sana kudhani mtu akiimba vizuri huzuni lazima awe na msiba nyumbani. Skiliza Laughin' and Clownin', anaimba mtu anayecheka cheka mbele za watu ili asilie, ule kautunga mwenyewe. Mi huku wodini nawaona kila wiki, ndugu wa mgonjwa anatania manesi wote, akifika kwenye korido peke yake anaegemea ukuta. Sam kamuona huyo mtu. Sio lazima awe yeye

Mama Mdogo Eliza: Umesema vema mwanangu

Anko Fanuel: Mmenifikisha ninapotaka. Fool's Paradise. Ni wa kumi na moja, mi huwa nazima hapo. Charles Brown alishauimba kabla yake, Trouble Blues nao ni wa Charles Brown, alitamba nao 1949, unaona kabisa Sam alimskiliza vizuri yule mzee. Mtu anakiri alivyopoteza maisha kwenye anasa, piano ya Raymond Johnson inamjibu taratibu. Wa kumi na mbili ni Shake, Rattle and Roll, mi naona waliuweka kwa ajili ya biashara, unavunja usiku wote

Baraka: Hapana anko hapo nakataa. Kile ndo kimenifanya nirudie albamu toka mwanzo

Neema: Na mi niko na Baraka. Ukiskiliza huzuni nyimbo kumi na moja unataka mtu akushike mkono akuinue kwenye kiti

Anko Fanuel: Mtu wa Fool's Paradise hajamaliza kutubu mnamwinua acheze?

Mama Mdogo Eliza: Fanuel, ibada haiishii kwenye toba. Watu wanatoka nje wanaimba

Shemeji Peter: Mama mdogo kashinda

Anko Fanuel: Hajashinda. Ila nauweka sasa hivi, niuskilize mpaka mwisho nije niwajibu

Neema: Kengele ya kitanda namba nne, naenda. Baraka nitumie You Gotta Move usisahau