QGIS, SNAP au Earth Engine: ipi ya kuchorea mashamba ya korosho Tandahimba?

Mdau_wa_Kitama
Wakuu, salaam. AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) inataka ramani ya mashamba ya wanachama, ili salfa (dawa ya ukungu wa mikorosho) igawiwe kwa ukubwa wa shamba badala ya mdomo wa mtu. Kazi nimeangushiwa mimi, eti kwa kuwa "unajua kompyuta". Nina laptopu yenye RAM ya GB 4 na bando la kujinunulia mwenyewe. Hela ya leseni hakuna, hivyo programu za kulipia tusizijadili. Nimesikia QGIS, SNAP na Google Earth Engine, zote za kuchambua picha za setilaiti na kuchora ramani. Mliozitumia huku kusini, nianze na ipi?

ramani_shangani
QGIS mkuu, bila kuzunguka. Gary Sherman aliianzisha 2002, ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, chini ya leseni ya GPL: unaisakinisha kwenye mashine zote za chama, unawapa na AMCOS ya jirani, na hakuna wa kukudai. Mtandao ukikata, kazi inaendelea. Hatua zako unaziunganisha kuwa modeli, unaihifadhi kama faili moja, na mwakani atakayekaa kwenye kiti chako anabadilisha picha tu na kubonyeza. Kwa chama kinachobadili viongozi, mimi hilo ndilo ningeliangalia kwanza.

Angalizo: mradi wako uwe kwenye mfumo wa viwianishi (namba za kutaja mahali) wa WGS 84, UTM 37S. Ukileta ramani za zamani za upimaji zilizo kwenye mfumo wa zamani wa Arc 1960 bila kuzibadilisha, mipaka itahama mita mia kadhaa na shamba la mtu litatua kwa jirani yake. Ugomvi huo hauna programu ya kuutuliza.

Binti_Nachingwea
Yote kweli, ila bando umeliruka. Picha moja ya Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya yenye picha za bure, inafunika kilomita 110 kwa 110, na faili lake mara nyingi linakaribia GB 1. Yeye anataka kata mbili tatu tu! Kwenye Earth Engine picha haishuki kwako, hesabu zinafanyika kwenye seva zao na wewe unaletewa matokeo. Kuondoa mawingu na kuchukua thamani ya kati ya kila pikseli (kimraba kidogo cha picha) kwa miezi miwili ni mistari michache ya JavaScript. Laptopu ya GB 4 haitoi jasho.

Halafu chagua tarehe vizuri. Chukua Agosti na Septemba, miombo (miti ya porini) ikiwa imepukutisha majani na mkorosho ungali wa kijani. Januari porini kijani, shambani kijani, na juu mawingu.

ramani_shangani
Earth Engine ni ya bure, lakini si huria. Msimbo wa injini yenyewe huuoni, na skripti yako ukiitoa pale inabidi uiandike upya. Tangu 2022 matumizi ya kibiashara yanalipiwa. Sasa AMCOS inayouza korosho ni biashara au si biashara? Asome masharti kwanza kabla ya kujisajili.

Binti_Nachingwea
Sibishi. Ila falsafa hainunui bando.

mzee_wa_rada
Mimi ni mtu wa SNAP, ile ya shirika la anga la Ulaya, ESA. Niliitumia Mei 2024 barabara ya Dar ilipokatika Somanga baada ya Kimbunga Hidaya. Picha za kawaida zilikuwa pamba tupu, lakini rada ya Sentinel-1 inapenya mawingu. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande wa pili badala ya kuyarudisha kwenye setilaiti, ndiyo maana yanatokea meusi. SNAP nayo ni huria, na mnyororo wa hatua unauhifadhi kama faili la XML, unaliendesha tena wakati wowote kwa amri yake iitwayo gpt (si ChatGPT).

Kwa korosho na hiyo GB 4 lakini, kijana wangu, achana nayo. Utafungua picha, utaenda kula, utarudi bado inazunguka.

fundi_gdal
Mbona mnabishana kana kwamba bando na uhuria haviwezi kukaa pamoja? QGIS inakuja na GDAL, zana ya amri za kusoma na kukata picha za ramani, na GDAL inasoma faili za COG (picha zilizopangwa zisomeke kipande kipande) zikiwa huko huko kwenye seva. Weka /vsicurl/ mbele ya anwani ya faili, tumia gdal_translate na -projwin ukitaja kona za kata yako. Inavuta vipande unavyohitaji tu, unaokoa sehemu kubwa ya ile GB 1. Sentinel-2 za muundo huo zipo bure kwenye hifadhi ya wazi ya AWS, seva za Amazon. Amri iandike kwenye faili la maandishi, likae folda moja na ramani.

Sasa kubwa ambalo hamjamwambia. Pikseli ni mita 10 kwa 10. Mikorosho ikipandwa 12 kwa 12, mti mmoja una mita za mraba 144. Ekari nzima ni pikseli kama 40. Nusu ekari ni 20, na nyingi kati ya hizo ziko mpakani, nusu korosho nusu mihogo ya jirani. Ukigawa salfa kwa hesabu hiyo utawapunja wenye mashamba madogo. Setilaiti ikuonyeshe korosho ziko wapi. Mpaka uzungukwe kwa miguu na GPS, mwenye shamba akiwepo. QField, huria pia, inafungua mradi wa QGIS kwenye simu hata pasipo mtandao.

Mdau_wa_Kitama
Hapo kwenye nusu ekari umenigusa, wengi wetu ndio hao. Naanza na QGIS na QField. Je, miembe? Huku karibu kila shamba linayo, nayo haipukutishi.

Binti_Nachingwea
Mwembe mmoja mmoja ndani ya shamba uache, hautakusumbua. Programu utaifundisha kutenganisha korosho na vingine kwa pointi za mfano ulizozikusanya shambani. Penye miembe mingi pamoja kusanya pointi zake na uzipe kundi lake, usizisukumie kwenye "vinginevyo". Na baadhi ya pointi za kila kundi ziweke pembeni, usiifundishie mashine, ndizo utakazopimia usahihi.

mzee_wa_rada
Anza na kijiji kimoja. Mwenyekiti usimwonyeshe ramani kabla hujaizungukia mwenyewe.