Tangazo la jaketi okozi wanalikariri hadi watoto, lakini mwaloni, mitumbwi inakoondokea, hakuna anayevaa. Tubadilishe nini?

Mwalo wa Igombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya redio na kampeni.

Kikundi chetu kinahamasisha wavuvi wa dagaa wavae jaketi okozi, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, Ziwa Victoria. Tuna tangazo la sekunde 30 kwenye redio ya FM: ngurumo, mawimbi, mama analia, kisha sauti nzito inasema, "Wavuvi wengi wa ziwa hili hawavai jaketi okozi. Usisubiri kifo." Linaruka saa 12 jioni na saa 2 usiku, baada ya taarifa ya habari. Watoto wanaliigiza neno kwa neno. Ila mitumbwi ikiondoka, majaketi yako chini yamelaliwa na ndoo, au hayapo kabisa.

Pesa iliyobaki ni ya miezi mitatu. Tuongeze idadi ya kurusha? Tutengeneze mchezo wa redio? Au redio yenyewe haina nguvu tena?

Karabai

Mkuu, anza na saa. Saa 12 jioni mvuvi wa dagaa anapakia taa na nyavu, saa 2 usiku yuko majini. Wanaokusikia ni watoto na mama zao, ndiyo maana waliokariri ni watoto.

Mtu wako anarudi asubuhi, anauza, analala, anaamka mchana. Weka tangazo kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni, wakati wa kushona nyavu na kuchaji betri za taa. Halafu tazama mwezi. Mbalamwezi ikiwaka sana dagaa hawafuati taa, kambi zinapumzika. Siku hizo ndizo za kipindi kirefu, cha watu kupiga simu studio. Ukigawa matangazo sawasawa mwezi mzima, nusu ya pesa unailipa redio iongee na maji.

Mhariri wa Usiku

Saa ni sehemu tu ya tatizo. Maneno yenyewe yanawarudisha nyuma, tena mara mbili.

Kwanza, "wavuvi wengi hawavai". Mlitaka kumshtua, lakini mmemwambia kwamba yeye ni kama wenzake. Robert Cialdini na wenzake walilipima hili kwa mabango kwenye msitu wa miti iliyogeuka mawe huko Arizona, Marekani. Bango lililosema wageni wengi waliopita wameondoka na vipande vya miti hiyo liliambatana na wizi mkubwa kuliko lile lililowaomba tu watu wasichukue. Kwa hiyo taja wanaovaa: "Kwenye mtumbwi huu wa Kayenze, wote hufunga jaketi kabla ya kuwasha injini." Liwe kweli, maana mwaloni watu wanajuana na uongo utawazika.

Pili ni hofu. Kim Witte aliliweka wazi mwaka 1992: hofu humsukuma mtu kuchukua hatua pale tu anapoamini kwamba kinga inafanya kazi na yeye mwenyewe anaiweza. Asipoamini hayo, anapambana na hofu badala ya hatari. Anafanya utani, anabadilisha stesheni, anasema siku ikifika imefika. Nyie mmempa kilio, hamjampa cha kufanya. Sekunde 5 za hatari zinatosha. Sekunde 15 zieleze namna: funga kila kifungo, kaza mikanda, mwenzako alivute jaketi juu kwa mabega, likikupanda hadi kidevuni, halijakaza au si saizi yako. Sekunde 10 za mwisho: linapatikana wapi na kwa bei gani.

Tajiri Mdogo

Mnazunguka mbuyu. Jaketi lina joto, linanasa kwenye nyavu wakati wa kuvuta, na pesa ya kulinunua hamjaisema. Redio haiwezi kumvisha mtu kitu kinachomzuia kufanya kazi.

Mhariri wa Usiku

Hapo Tajiri kasema jambo la kweli, na ni la kumaliza kabla ya kulipia hata sekunde moja. Tafuteni aina isiyonasa, mvuvi avute nyavu amelivaa mbele ya wenzake. Msikimbilie jembamba kuliko yote: lililoandikwa 50 (newton, kipimo cha nguvu ya kukuelesha) ni la anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Usiku katikati ya ziwa angalieni 100 kwenda juu.

Kuhusu pesa: anayenunua ni tajiri wa mtumbwi, anayevaa ni kibarua. Hao ni wasikilizaji wawili, na kila mmoja anahitaji tangazo lake.

Mama Antena

Niongeze kwenye lile swali la nguvu ya redio, maana hapa watu huwa wanakwenda pande mbili zilizozidi. Wanaosema redio inaweza kila kitu hupenda kutaja mchezo wa redio wa Orson Welles wa Oktoba 1938, kwamba Marekani nzima ilikimbilia barabarani kuogopa wavamizi wa Mars. Taharuki ile imekuzwa mno, na magazeti yaliyokuwa yakigombea wasomaji na matangazo na redio yalichangia kuikuza. Upande wa pili kuna uchunguzi wa Paul Lazarsfeld na wenzake Erie County, Ohio, kwenye uchaguzi wa 1940. Waliogeuzwa msimamo na vyombo vya habari walikuwa wachache. Mengi yalipitia kwanza kwa watu ambao majirani huwasikiliza. Kwenye mwalo wako hao ni nahodha anayeheshimika, mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni), mama muuza chai. Wapewe habari kabla ya redio, ili tangazo likitoka wawe na la kuongeza badala ya kulicheka.

Mchezo wa redio unafaa, na Tanzania tuna ushahidi wetu. Twende na Wakati ilianza Radio Tanzania mwaka 1993, ikizungumzia UKIMWI na uzazi wa mpango. Dodoma iliachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili watafiti, akina Everett Rogers, walinganishe. Walikosikiliza, watu walibadilika zaidi, na njia mojawapo ilikuwa mazungumzo: mtu anasikia, halafu anajadiliana na mkewe au rafiki kuhusu Mkwaju, yule dereva wa lori wa kwenye mchezo.

Jifunzeni pia kwa Rwanda. Elizabeth Levy Paluck alipima mchezo wa maridhiano, Musekeweya, na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Imani binafsi za wasikilizaji hazikusogea sana. Kilichosogea ni picha yao ya kile ambacho jamii inakubali, na matendo. Makundi yalipoachiwa redio kaseti ya pamoja, waliosikilizishwa mchezo mwingine wa afya, kwa kulinganisha, walikuwa wepesi kuikabidhi kwa kiongozi wa eneo. Waliosikiliza wa maridhiano walijadiliana namna ya kuitunza wenyewe. Kwa hiyo msihangaike kumfanya mvuvi aogope maji. Mfanyeni aone kuwa siku hizi kuvaa jaketi si uoga.

Tahadhari moja: mhusika anayedharau jaketi msimpe vichekesho vizuri. Marekani mchezo wa runinga ulimkejeli mhusika mbaguzi, Archie Bunker, na mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walionyesha kuwa watazamaji wenye ubaguzi walimpenda na kuona yeye ndiye mwenye hoja. Mpeni uzito mhusika wa kati, anayesitasita, anayechekwa siku ya kwanza, kisha nahodha anavaa naye.

Kwa miezi mitatu: sehemu 12 za dakika 10, moja kwa wiki, irudiwe mara moja. Wekeni nakala kwenye memori kadi kwa mama chai, na vikundi vya watu 8 hadi 12 wasikilize pamoja, wajadili maswali mawili au matatu. Bila hayo majadiliano mtakuwa mmenunua burudani.

Mwalo wa Igombe

Asanteni sana. Sasa mfadhili anataka kujua kama imefanya kazi. Tuwaulize wavuvi kama tangazo limewabadilisha?

Hesabu za Ziwani

Hapana. Watu husema matangazo huwaathiri wengine, si wao, W. Phillips Davison aliandika hilo mwaka 1983. Na mgeni mwenye fomu hujibiwa kwa adabu.

Hesabuni kwa macho. Simameni mbali kidogo mitumbwi ikiondoka, safu tatu: amevaa, amebeba, hana. Anzeni kabla ya tangazo jipya, na mlinganishe siku zinazofanana kwa mbalamwezi na kwa upepo, maana upepo ukichafuka watu huvaa bila redio. Tarehe za ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini) au polisi ziandikwe pembeni, na siku za habari za ajali pia. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, kila mtu alizungumzia usalama wa majini. Ungekuwa na kampeni wiki ile ungejisifu bure.

Linganisheni mialo inayosikia redio yenu na isiyoisikia, mitano au sita kila upande. Mmoja kwa mmoja haitoshi, nahodha mmoja akihama anavuruga hesabu yote. Kabla ya kuichagua, mwombeni fundi wa stesheni ramani ya masafa yanakofika, kisha pitieni na redio ndogo mkononi. Juu ya maji mawimbi ya redio hufika mbali kuliko mnavyodhani.

Maswali yawe machache. "Kati ya wavuvi kumi wa mwalo huu, wangapi huvaa?" Jibu hilo likipanda kabla ya hesabu ya macho kupanda, mko njiani. Na wekeni tangazo moja la uongo kwenye orodha ya "uliwahi kulisikia?". Wengi wakisema ndiyo, majibu yao mengine msiyaamini sana.

Karabai

Hesabu hizo msimpe aliyelipwa kuhamasisha. Ataona majaketi hata pasipo na mtu.

Mwalo wa Igombe

Nimeelewa. Tangazo la kilio tunalisimamisha leo. Tajiri Mdogo, tukileta la 100 hapo kwako, vijana wako watalijaribu kwenye nyavu?

Tajiri Mdogo

Lete mawili, na la kwanza avae nahodha. Lisiponasa tutaongea bei.