Mngwa wa Lindi: mnyama, simba, au watu?

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tujadili bila kutukanana. William Hichens, Mwingereza aliyekuwa hakimu Lindi enzi za ukoloni, aliandika mwaka 1937 kuhusu mauaji ya usiku mjini humo. Askari wa zamu alikutwa sokoni amekufa, mkononi ameshika nywele za kijivu. Wenyeji walisema ni mngwa: paka mwenye mabaka, mkubwa kama punda.

Msimamo wangu: alikuwa simba, na hofu ikamvika ngozi nyingine. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu 1990, na Lindi na Mtwara zimo katika mikoa iliyoumia zaidi. Mashambulizi huzidi wakati wa mavuno. Nguruwe pori wanafuata mazao, simba wanafuata nguruwe, na mkulima amelala kwenye dungu akilinda shamba. Anayekufa hapo ni maskini, kisha tunaambiwa simba ametumwa na mzee fulani. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Muidumbe, Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 watu waliuawa na majirani kwa shutuma za kuunda simba kwa uchawi. Ndiyo maana siwezi kuuacha mjadala huu ubaki wa kujifurahisha.

Mchangiaji, Kilwa: Kaka, unawadharau wazee. Mtu aliyezaliwa porini hamjui simba? Nunda, jina lingine la mngwa, yumo katika ngano za Kiswahili alizochapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870, na humo anaanza kama paka wa sultani. Nywele za kijivu si za simba. Hata okapi, mnyama wa misitu ya Kongo wa jamii ya twiga, alikuwa "hadithi ya wenyeji" kwa Wazungu hadi 1901.

Mchangiaji, Nachingwea: Mimi naona mlango wa tatu. Mwaka 1914 Othenio Abel, mtaalamu wa visukuku kutoka Austria, alipendekeza kwamba jitu la jicho moja la Wagiriki lilitokana na mafuvu ya tembo wadogo wa kale wa Sisilia. Tundu la mkonga katikati linafanana na jicho. Sisi tuna Tendaguru, kilima cha Lindi chenye mifupa ya dinosaria! Wajerumani walichimba 1909 hadi 1913, wapagazi wetu wakabeba mifupa hadi bandari ya Lindi, na dinosaria mmoja amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Nani atasema wakulima wa pale hawakuwahi kuigonga kwa jembe na kuitungia zimwi?

Mleta mada: Hoja ya mifupa naipenda sana, ila inafaa kwa majitu. Mifupa haimuui askari sokoni. Kuhusu okapi, shehe wangu wa Kilwa, mnyama huyo alikubaliwa kwa ngozi na mafuvu; nywele za mkononi hazitoshi kumleta mnyama mpya duniani. Wazee siwadharau hata kidogo. Wewe mwenyewe umetaja ngano ya Nunda: paka anakula mifugo, hata watu, na kila akiambiwa sultani anajibu kuwa paka ni wake na waliwao ni wake. Anashtuka paka alipowala wanawe. Waliotunga ngano ile walijua lawama ni ya nani, na hawakumtafuta bibi kizee wa kumchoma moto.

Basi mwenye kisa cha mngwa kutoka kwa wazee wake akiweke hapa, ataje kijiji na mwezi. Tulinganishe na msimu wa mavuno.