Naomba ushauri: Audi e-tron au BMW iX kwa mkazi wa Dodoma?

Mkazi wa Iyumbu
Wakuu, heshima kwenu. Naishi Iyumbu, kazi ipo Mtumba, na kila baada ya wiki mbili naenda Dar kumwona mama. V8 yangu inatembea kilomita 7 kwa lita. Kwa lita ya shilingi 3,000, kwenda tu ni zaidi ya laki na tisini. Nataka kuhamia kwenye umeme. Nimepata magari mawili yaliyotumika: Audi e-tron 55 ya 2019 na BMW iX xDrive50 ya 2022. Audi bei yake ni nafuu sana. Kujaza chaji nyumbani ni shilingi ngapi? Na Dar nitafika?

Fundi Fezi
Mkuu, tuanze na LUKU. Kama upo D1, ile bei ya watumiaji wadogo ya shilingi 100 kwa uniti, hiyo isahau. Mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na chaji moja tu ya gari hizi inazipita. Piga hesabu ya T1, bei ya matumizi ya kawaida: shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA unapata kama 356. Betri ya e-tron inachukua uniti 84 hivi, ya iX 105. Weka na asilimia 10 inayopotea wakati wa kuchaji. Kujaza e-tron ni kama 33,000, iX 41,000.

Sasa usiifuate hiyo tofauti ya elfu nane. Kwa kipimo cha Marekani, chaji moja e-tron inatembea kilomita 328, iX 521. Ukigawanya, e-tron inakula shilingi 100 kwa kilomita, iX chini ya 80. Yenye chaji rahisi ndiyo inayokula zaidi barabarani.

Dereva wa Gairo
Kaka, mimi natazama barabara. Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 hivi. Kwenda unateremka, kurudi unapanda zaidi ya mita 1,100, na kipande cha Dumila mpaka Gairo unakijua mwenyewe. Gari la tani mbili na nusu, ukiweka familia na magunia ya nazi ya mama, kupanda tu kunakula uniti 8 hadi 10 juu ya matumizi ya kawaida. e-tron haifiki bila kuchaji njiani, hata kwenda. iX itakupeleka, lakini kurudi utaingia Dodoma betri ikiwa karibu tupu, na hapo uwe umetembea spidi 80, siyo 120. Kabla ya kununua, hakikisha una pa kuchaji Morogoro, hata kwa ndugu.

Mama Kisasa
Mdogo wangu, usije ukachomeka kwenye soketi ya pasi. Nilikuwa na kagari kadogo ka umeme, nikakachomeka usiku kwenye soketi ya sebuleni. Saa nane nikaamshwa na harufu ya plastiki. Nilipochomoa, pini moja ilibaki ndani ya soketi, na ukuta ulikuwa mweusi kama sahani kubwa. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Fundi aliyenifungia nyumba alikuwa ametumia waya mwembamba mpaka kwenye soketi zote.

Fundi Fezi
Dada, pole sana. Mkuu, msikilize. Soketi ya kawaida ukiivuta ampia 10 inatoa kilowati 2.3, iX itachukua zaidi ya siku mbili kujaa, na soketi inachemka muda wote huo. Vuta waya wake peke yake kutoka meni, breka yake, na erthi uipime, maana ardhi ya Dodoma ni kavu. Chaja ya ampia 32 kwa fezi moja inajaza iX kwa saa 16 hivi. Kwa fezi tatu, kilowati 11, ukichomeka jioni asubuhi imejaa.

Mkazi wa Iyumbu
Asanteni, dada pole tena. Kazini na kurudi ni kama kilomita 40, kwa hiyo hapo haina shida. Audi naiacha. Ila iX ninayoiona imetoka Japani.

Dereva wa Gairo
Subiri hapo. Za Japani zinachaji haraka kwa plagi ya CHAdeMO, za Uingereza kwa plagi ya CCS2, hazilingani, na zote usukani upo kulia, kwa hiyo kwa usukani huwezi kuzitofautisha. Mwambie muuzaji akupigie picha ya tundu la chaji, kifuniko kikiwa wazi, kisha uiweke hapa.

Mkazi wa Iyumbu
Nimeshamwandikia. Na shemeji yangu wa Kihonda, pale Morogoro, amekubali tukapime waya wa kwake Jumamosi.